Njahi za Mama Hazikuwa za Mnada

Chaka, chaka, chaka. Mlio huo bado ninao sikioni. Ni mama, amelala kitandani, mguu umefungwa plasta, ameshika kibuyu karibu na sikio anakitikisa. Mbegu iliyokauka vizuri hulia hivyo, kama mvua inayogonga mabati ya jirani ikikuruka wewe. Lakini kibuyu kilichojaa hakilii namna hiyo. Kinalia kikiwa kimebaki nusu.

Nyinyi wenzangu wa cherehani hapo Meru mjini mmeniuliza mara tatu kwa nini nilirudi kazini Jumatano na udongo kwa kucha na uso kama nimelamba ndimu. Ati Makena tunayemjua huimba akipiga pasi. Haya, nawaandikia, maana nikianza kuongea nitapaza sauti na mwenye duka atatutoa sote nje.

Nyumbani, Mitunguu

Mjue kwanza kwamba mama yangu hupanda kwa vumbi. Majirani wakiwa bado wanaangalia mawingu, yeye ameshapita kwa shamba, anasukuma mbegu kwa kidole gumba mpaka kifundo cha pili, anafunika, anaenda kupika. Anasema mwenye mvua hajawahi kumsahau, kwa hivyo hana haja ya kumkumbusha.

Sawa. Msimu wa kwanza mvua ilikuja siku mbili, njahi, yale maharagwe yetu meusi, zikachungulia, ikaondoka. Jua likazichoma kama karanga. Msimu wa pili vilevile. Hiyo mara ya pili mama alikataa kuangalia zikifa. Akawa anabeba maji kutoka bondeni kwa mtungi wa plastiki, asubuhi na jioni, mpaka siku moja akateleza kwa ukingo wa matuta na mguu ukavunjika.

Halafu akaja mhubiri mmoja mgeni, wa kupita tu, kumwombea. Alikunywa chai ya maziwa yote tuliyokuwa nayo, akafuta mdomo, akasema, "Mama, jichunguze. Mungu hamnyimi mtu mvua bure. Kuna mahali ulikosea."

Mama akajibu, "Asante, mtumishi."

Mimi nilikuwa naosha vikombe. Kimoja kilivunjika, na msidhani kiliteleza.

Sasa, ile nusu ya kibuyu. Mama na mdogo wake, Tata Karimi, aliyeolewa Kianjokoma huko Embu, wamebadilishana mbegu za njahi tangu waolewe. Msimu huu mama anapeleka, msimu ujao Tata analeta. Mama husema mbegu ikikaa nyumba moja ni kama mtu mwenye jicho moja. Haipimwi kwa mizani na haiuzwi, hata mtu akupe nini. Mwaka huu mvua ya mawe ilipiga za Tata zote. Kwa hivyo kile kibuyu, nusu, pamoja na jivu lililowekwa kuzuia wadudu, ndicho kilikuwa kimebaki kwa nyumba zote mbili.

"Mpelekee Karimi zote," mama akaniambia Jumamosi asubuhi. "Yeye ana kipande karibu na mto."

"Zote? Na wewe ukipona utapanda nini?"

"Nikipona nitaziendea."

"Na zikikosa kuota?"

"Mungu ni mwaminifu, Makena."

"Hata hizo mara mbili alikuwa mwaminifu?"

Mama akatikisa kibuyu, chaka chaka chaka, akasikiliza kama mtu anayesikiliza simu. "Zimekauka vizuri," akasema. "Nenda, gari litakuacha."

Nkubu mpaka Chuka

Gari nililipata Nkubu, nikakipakata kibuyu kama mtoto. Nilikuwa nimeanza hata kuota ndoto zangu za kawaida, mnazijua, duka langu, jina kwa kioo, sketi za shule zimepangwa kwa rangi. Kabla tufike Chuka injini ikakohoa, ikanyamaza.

Dereva alisema nusu saa. Mkisikia dereva akisema nusu saa, tafuteni kivuli.

Tulikaa kando ya barabara mpaka jua likapita utosini. Jamaa mmoja wa suti, mwenye mkoba wa kompyuta, alikuwa ananiangalia magoti. Nikadhani mengine. Kumbe anaangalia kibuyu. Jivu lilikuwa limetoka kidogo kwa kizibo cha gunzi, likanipaka sketi.

"Dada, hicho ni cha nini?"

"Ni mbegu."

"Mbegu huwekwa kwa pakiti. Na hilo jivu?"

"La kuzuia wadudu."

Akageukia wenzake. "Mnaona? Na gari limezima bila sababu."

Mama mmoja akaanza kukemea pepo kwa sauti ya chini, macho yamefungwa, mkono umenielekea. Mwingine akahamisha mtoto wake. Dereva, mtu mzima na ndevu zake, akaniambia kwa upole, "Sista, si ungekiacha tu hapo kwa majani, tuone kama litawaka?"

Mama yangu, aliyevunjika mguu akimwamini Mungu, sasa ni mchawi. "Kiache wewe," nikamwambia. "Acha hiyo fani belti yako iliyokatika kwa majani tuone."

Nikaondoka na kibuyu changu mpaka kwa kibanda cha chai kilichokuwa mbele kidogo. Mwenye kibanda alikuwa nyanya wa Kichuka, kitambaa kichwani, anachochea sufuria ya githeri. Aliona kibuyu, hakuuliza. Alifungua kizibo, akatia kidole kwa jivu, akanusa.

"Jivu la maganda ya maharagwe," akasema. "Mama yako anajua."

"Watu wa gari wanasema ni uchawi."

Akacheka mpaka akashika meza. "Hao wamesoma mpaka wamesahau jivu. Kula."

Nilikula githeri na parachichi, nikalia kidogo ndani ya sahani, akajifanya haoni. Nilipotaka kulipa akasema, "Zikiota utaniletea kiganja kimoja." Huyo nyanya ndiye mtu pekee aliyenisaidia kuvuka siku hiyo bila kutukana mtu.

Gari liliwaka baada ya belti mpya kuletwa na boda. Yule jamaa wa suti akasema, "Kila jambo lina kusudi lake." Nilitikisa kibuyu karibu na sikio lake mpaka Embu.

Majimbo

Nililala Majimbo kwa Kendi, binti ya Tata Karimi, anayefanya kazi ofisini hapo Embu mjini. Kendi ana roho nzuri na zulia jeupe. Alinipokea kwa chapati na ndengu, akachukua kibuyu, akakiweka kando ya televisheni, akapiga picha.

"Kinapendeza hapo. Mama yako hana kingine?"

"Kendi, hizo ni mbegu."

"Makena, mbegu zinauzwa dukani, zimewekwa dawa. Mama zetu wanapenda tu kuteseka." Halafu akaona uso wangu. "Usikasirike. Mimi huwaombea kila siku. Mungu ana mpango."

Niwaambie ukweli, hilo neno, mpango, lilininyima usingizi. Kama ni mpango, nani alipanga ule ukingo wa matuta? Nilitaka kumuuliza Kendi, lakini alikuwa ameniachia kitanda chake na yeye akalala kwa kochi. Ni vigumu kugombana na mtu aliyekupa kitanda. Nikageukia ukuta, nikagombana na Mungu.

Kianjokoma, kanisani

Asubuhi Tata alipiga simu: "Nitakuwa kanisani, ni Jumapili ya shukrani ya mavuno. Nipate huko, naimba kwaya."

Kuna baridi ya mashamba ya chai huko juu, ile inayoingia kwa vidole vya miguu. Nilifika nikiwa na matope mpaka kwa magoti kwa sababu boda alipita njia ya mkato. Mlangoni alisimama mama wa mapokezi, amevaa ukanda wa zambarau kifuani. Kando yake kulikuwa na benchi limejaa vikapu, mikungu ya ndizi, nduma, jogoo amefungwa miguu.

"Karibu, mgeni. Weka hapo, tutakusaidia."

Nikaona wema. Nikamwambia nimetoka Meru, nikaweka kibuyu kwa benchi, nikaenda nyuma kwa mfereji kuosha miguu.

Nyinyi mnajua kosa langu tayari. Mimi nilikuwa bado najisugua visigino.

Niliporudi benchi lilikuwa tupu. Vitu vyote vilikuwa mbele, mchungaji amevinyooshea mikono, na kanisa zima linasema amina. Kibuyu cha mama kilikuwa kati ya malenge mawili. Baadaye akasimama mzee wa kanisa, koti la rangi ya maziwa, mchangamfu kama dalali wa ng'ombe, na mnada ukaanza. Jogoo alienda. Ndizi zikaenda. Halafu akakiinua.

"Hiki nacho kimetoka Meru, kimevuka mto Thuci kwa miguu yake. Sikieni." Akakitikisa. Chaka, chaka, chaka. "Njahi halisi. Nani anaanza?"

Niliinua mkono ili nimzuie.

"Mgeni ameanza na mia mbili."

Nikasimama, nikapunga mikono yote.

"Mikono miwili, mia nne. Watu wa Meru hawana mchezo."

"Hapana," nikasema. "Ni ya mama yangu."

"Mmesikia? Anamnunulia mama. Vijana, igeni mfano."

Kanisa likapiga makofi. Nilimwangalia Tata pale kwaya. Anatabasamu, anagusa mwenzake, ananionyesha. Hapo ndipo mama mmoja mnene wa sweta ya kijani akasimama upande wa wanawake.

"Mia tano. Nina mzazi nyumbani, na maziwa hayajatoka."

Huwezi kushindana na mwanamke aliyejifungua. Njahi ndicho chakula chake, hata mimi najua. Mzee akasema mara moja, mara mbili, na kibuyu kikashuka mkononi mwa yule mama, naye akatoka nacho haraka kabla ya wimbo wa mwisho, na ni haki yake, mzazi anangoja.

Nilikaa chini. Watu walikuwa wanaimba kwamba rehema ni mpya kila asubuhi. Mimi nilikuwa nasaga meno.

Mama Njoki wawili

"Kwa nini hukusema?" Tata akaniuliza nje.

"Nilisema."

"Mimi nilidhani hicho ni sadaka yako, unapandisha bei. Nikajivunia."

Tulimwendea mzee wa koti. Alisikiliza vizuri, akanishika bega. "Binti yangu, kilichoombewa hakirudi. Mungu amekipokea."

"Hakukipokea," nikasema. "Mlikichukua nikiwa naosha miguu."

Tata akanivuta kiwiko. Mzee hakukasirika, hilo ndilo liliniudhi zaidi. Akasema aliyenunua ni Mama Njoki, anakaa upande wa majani chai.

Dereva wa boda alimjua Mama Njoki. Alimjua vizuri sana, isipokuwa ni mwingine. Huyo alitufungulia mlango kwa furaha, akatuketisha, na kabla Tata amalize kueleza, mukimo ulikuwa mbele yetu. Kule huwezi kuondoka kwa mtu sahani ikiwa imejaa. Nilimeza kama bata. Kila tonge nilikuwa nahesabu: sasa sufuria iko motoni, sasa zinachemka, sasa maganda yanapasuka.

Tulipompata Mama Njoki wa sweta ya kijani, jua lilikuwa limeanza kuegemea. Alikuwa jikoni anachochea moto. Kando yake, beseni la buluu, na ndani ya maji, njahi za mama. Jivu limeoshwa. Nyeusi, zinang'aa, ule mstari mweupe kwa kila moja kama nyusi.

"Mama, hizo ni mbegu," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya mgeni. "Hazikuwa za kuuzwa."

Alishika mwiko. "Nilinunua mbele ya watu, na mbele ya Mungu. Wewe uliinua mkono mpaka bei ikapanda."

"Nilikuwa nakataa."

"Huko kwenu mtu hukataa hivyo?"

Tata akaanza kueleza, mambo ya mguu, ya misimu miwili. Mimi sikungoja. Nilipiga magoti, nikachukua chache kiganjani. Ngozi ilikuwa imeanza kukunjamana. Mbegu ikishakunywa maji hivyo, haikaushwi tena kungoja mvua. Ni udongo leo, au ni sufuria.

Na angani hakukuwa na wingu hata la kupangusia pua.

Hapo mtoto akalia chumba cha pili. Kile kilio kidogo cha kukata tamaa. Mlango ulikuwa wazi. Nikamwona Njoki, rika langu, nywele zimesimama, amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto anahangaika kifuani mwake, anaachilia, analia. Siku ya nne.

"Mama, wape mbegu zao," Njoki akasema. "Nitakunywa uji."

"Uji umekunywa siku tatu."

"Nitakunywa tena. Si ni mbegu za mtu."

Hakuna kitu kilichoniumiza safari yote kama huyo msichana kuniachia. Afadhali angenitukana. Nilimkasirikia Mungu hapo kwa jikoni ya watu, kimoyomoyo, kwa Kimeru: Ulinitoa Mitunguu, ukanizimia gari, ukaniuzia kibuyu, ili uniletee mtoto mwenye njaa mbele ya mbegu za mama yangu? Hii ndiyo kazi yako?

Mtoto alikuwa analia.

Nikachukua bakuli. Nikachota njahi kutoka kwa beseni, bakuli mbili zilizojaa, nikazimimina kwa sufuria mwenyewe. Zilizobaki, Mama Njoki alizichuja, akazifunga kwa kitambaa kibichi, akanirudishia na kibuyu.

Alipotusindikiza mpaka kwa ua akauliza, "Mama yako anaitwa nani?"

Nikamwambia.

"Tutamtaja kwa maombi," akasema. Angenilipa nini kingine?

Kwa mto

Tulipanda jioni hiyo hiyo, mimi na Tata, na nguo za kanisani. Kile kipande cha mto kilikuwa kikavu kama unga. Tata alitaka tuchimbe kwa jembe, nikamwambia mama hutumia kidole gumba. Tukaenda mstari kwa mstari, kifundo cha pili, funika. Halafu maji, kwa mtungi, kutoka mtoni mpaka juu. Nilipobeba ule mtungi wa kwanza ndipo mguu wa mama ukanijia akilini, na nikaanza kulia kwa hasira, nikaendelea kumwaga.

"Uliona mama akipanda kwa vumbi ukidhani ni ujinga," Tata akasema, anahema.

"Bado nadhani."

"Hata mimi. Tangu tukiwa wasichana. Kuna mwaka zilikufa, nikamcheka. Akakasirika, unajua? Alikaa siku mbili bila kuomba. Akasema hawasalimiani na Mungu."

"Mama?"

"Siku ya tatu akachukua mbegu nyingine, akarudi kwa vumbi. Nikamuuliza, mmepatana? Akasema, bado, lakini shamba ni la Mungu."

Tata alimaliza kwa maombi, mikono imejaa matope. Sikusema amina. Nilisema tu, "Tunyunyize tena kesho." Tukanyunyiza kesho yake, na Jumanne asubuhi, na Tata akasema kuanzia hapo ni zamu yake.

Kurudi

Gari la kurudi halikuzima hata mara moja, wala hakuna aliyeogopa kibuyu. Kilikuwa kitupu.

Nilimweleza mama yote Jumanne jioni. Nilingoja alie au anikemee. Nilipofika kwa mnada, pale pa mikono miwili, alicheka mpaka akashika plasta. Pale pa Njoki akajiinua kwa kiwiko.

"Bakuli ngapi?"

"Mbili."

"Zimejaa?"

"Zimejaa."

"Ungempa tatu," akasema. Halafu akageukia ukuta, akavuta blanketi. Akiwa huko akasema, "Makena. Na mimi nimechoka. Usidhani sichoki."

Hilo ndilo neno sikuwa nimelisikia kwake miaka yote. Mhubiri hakulisikia, Kendi hakulisikia. Nilimshika mguu ule mzima mpaka akalala.

Sasa mnauliza kama zimeota. Sijui. Tata hajapiga simu, na mimi nikishika simu kidole kinakataa. Na nimeacha kukasirika? Sijaacha. Huyo mhubiri akija tena atakunywa maji.

Lakini ule udongo wa kucha ulikuwa wa asubuhi ya Jumatano. Nilitoka kabla mama aamke, chai mkononi, ili niwahi kazini. Nikachukua kibuyu nikisafishe. Nikakitikisa, mazoea tu. Chaka. Nikakipigapiga kwa kiganja, nikachokonoa kwa kijiti, na kwa lile jivu lililoganda chini, ambapo maji ya Mama Njoki hayakufika, zikatoka njahi tatu. Kavu, nzima.

Ningeziweka. Mtu mwenye akili angeziweka angoje mvua. Nilienda mpaka kwa ule ukingo wa matuta alipoangukia mama. Anga lilikuwa jeupe, halina ahadi yoyote. Nikapiga magoti kwa vumbi, nikasukuma ya kwanza kwa kidole gumba mpaka kifundo cha pili, nikafunika. Ya pili. Ya tatu. Nikamwaga chai iliyobaki kwa kikombe changu, sikuomba, nikajipangusa magoti, nikaenda kutafuta gari.